Safari ya Kikazi São Paulo: Nenda Salama, Ufurahi, Urudi kwa Wanao

Zamani safari za kikazi za ng'ambo zilikuwa za akina baba. Mama alibaki nyumbani na watoto, akampangia mumewe nguo katika sanduku na kumwombea heri. Siku hizi mama naye hutumwa na ofisi yake mkutanoni, au hufuata bidhaa za duka lake nchi za mbali. Wengi tumezoea kusikia Dubai na Guangzhou. Lakini lipo jiji jingine ambalo wafanyabiashara wa Afrika, hasa akina mama wa Angola, wamelifuata kwa miaka mingi. Ni São Paulo, nchini Brazili. Hata sisi wauguzi tunalisikia, kwa sababu maonyesho makubwa ya vifaa vya hospitali yaitwayo Hospitalar, yaliyoanza mwaka 1994, hufanyika huko kila mwaka, kwa kawaida mwezi Mei.

Jina la jiji hilo likitajwa sebuleni, ndugu hushika kichwa. Wamesikia habari za majambazi na bastola. Mama mkwe anauliza kama hakuna mtu mwingine wa kutumwa. Hofu hiyo tunaielewa, lakini hofu peke yake haimlindi msafiri. Kinachomlinda ni kujua hatari ni ipi hasa. Tukizichambua hatari za safari hii tunaona kwamba nyingi huzuiwa kabla ya kupanda ndege, na iliyo kubwa kuliko zote huzuiwa kwa neno moja fupi: hapana.

JIJI LENYEWE

São Paulo maana yake ni Mtakatifu Paulo. Wamisionari Wajesuiti walianzisha mji huo tarehe 25 Januari 1554, siku ambayo kanisa hukumbuka kuongoka kwa Mtume Paulo, ndipo ukapata jina lake. Katika sensa ya mwaka 2022 jiji lilikuwa na watu zaidi ya milioni 11. Haliko pwani. Limekaa juu ya uwanda wenye mwinuko wa kama mita 760, kwa hiyo mwezi Juni hadi Agosti ni baridi na sweta ni lazima. Mvua kubwa za mafuriko hunyesha kati ya Desemba na Machi.

Umeme wa jiji hilo ni volti 127, wala si 230 kama wetu, na tundu za ukutani ni za aina nyingine. Pasi ya nyumbani haitapata moto wa kutosha. Chaja ya simu kwa kawaida hukubali umeme wa namna zote mbili, ila utahitaji kiunganishi cha plagi.

ANZA KLINIKI

Chanjo ya kwanza ni ya homa ya manjano. Jimbo la São Paulo lilipata mlipuko wa ugonjwa huo mwaka 2017 na 2018. Chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari, kwa sababu cheti huanza kutambuliwa baada ya siku hizo. Tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha, hata kama kadi yako ya zamani imeandikwa kwamba itakwisha baada ya miaka 10. Kumbuka pia safari ya kurudi. Tanzania hudai cheti kwa wanaotoka nchi zenye ugonjwa huo, na Brazili ni mojawapo. Kama una mimba, unanyonyesha mtoto mchanga, una umri wa miaka 60 au zaidi, au kinga ya mwili wako ni dhaifu, mweleze muuguzi kabla ya kuchomwa, kwa sababu chanjo hii ina virusi hai vilivyodhoofishwa.

Adui wa pili ni mbu. Huyu si mbu wetu wa malaria anayeuma usiku. Ni Aedes, anayeuma mchana, hasa asubuhi na jioni, na ndiye anayeleta homa ya dengi. Mwaka 2024 Brazili ilihesabu wagonjwa zaidi ya milioni 6 waliodhaniwa kuwa na dengi, idadi ambayo haikuwahi kufikiwa kabla ya hapo. Paka dawa ya kufukuza mbu mchana na uvae mikono mirefu. Mbu huyo huyo hueneza Zika, ugonjwa ambao mwaka 2015 na 2016 ulisababisha watoto wengi wa Brazili kuzaliwa na vichwa vidogo. Mama mwenye mimba, au anayetazamia kuipata karibuni, azungumze na daktari kabla ya kukubali safari.

Sasa tunasema jambo ambalo wasafiri wengi hawaambiwi. Jiji la São Paulo si eneo la malaria. Malaria ya Brazili iko hasa Amazon, mbali kabisa na hapo. Kwa hiyo daktari wa São Paulo haoni malaria kila siku kama sisi, na homa ikikushika huko anaweza kufikiria dengi au mafua tu. Nawe huenda ulibeba vijidudu vya malaria kutoka nyumbani. Mwambie mapema: nimetoka Tanzania, naomba kipimo cha malaria. Hata neno ni lile lile, malária.

Dawa zako za shinikizo la damu au kisukari zipakie katika mkoba wa mkononi, zikiwa kwenye vifungashio vyake na cheti cha daktari. Anayetumia insulini amwulize daktari namna ya kupanga saa za sindano. Ndege kutoka Addis Ababa hadi São Paulo huchukua karibu saa kumi na mbili, na kukaa kitako muda huo kunaweza kugandisha damu miguuni. Inuka mara kwa mara, kunja na kunjua vifundo vya miguu, na unywe maji. Waliojifungua karibuni na wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni wapate ushauri kwanza.

MZIGO USIO WAKO

Tunaomba sehemu hii uisome mara mbili, na binti yako mkubwa aisome pia.

Brazili inapakana na nchi zinazozalisha kokeini, na uwanja wa ndege wa Guarulhos unaohudumia São Paulo ni mojawapo ya milango ambayo wauzaji hujaribu kuipitishia. Wao wenyewe hawabebi. Hutafuta mtu mwenye uso wa heshima, na mama wa makamo aliyejifunga kilemba chake vizuri ni chaguo lao zuri sana. Huanza na wema. Mtu uliyejuana naye kwa simu, au rafiki wa rafiki, anakulipia tiketi ukaangalie biashara. Au siku ya kuondoka mwenyeji wako anakuletea sanduku jipya kwa sababu lako limechakaa. Au anaomba umpelekee dada yake viatu, chupa za shampuu, paketi za nywele. Dawa hufichwa ndani ya bitana, ndani ya soli, au huyeyushwa ndani ya chupa.

Sheria ya Brazili ya mwaka 2006 inatoa adhabu ya kifungo cha miaka 5 hadi 15 kwa biashara ya dawa za kulevya, na adhabu huongezwa zikiwa zinavushwa mpaka. Kusema "sikujua" hakutoshi. Wapo waliojua wanachobeba, wakisukumwa na deni au ada za shule, na wapo waliodanganywa. Mbele ya mahakama wote wamekamatwa na sanduku mkononi.

Katika jiji hilo lipo gereza la wanawake, Penitenciária Feminina da Capital, ambalo kwa miaka mingi limekuwa na wafungwa wa mataifa mbalimbali, Waafrika wakiwamo. Wengi wa wageni hao waliingia kwa ajili ya dawa za kulevya. Sheria huwaruhusu watoto wachanga kukaa na mama zao gerezani wakinyonya angalau hadi miezi sita. Baadaye mtoto hutakiwa atoke aende kwa ndugu. Sasa fikiri: ndugu wa Mtanzania aliyefungwa kule wako ng'ambo ya bahari nzima.

Ugumu wetu ni malezi. Sisi tumefundishwa kwamba kumbebea mwenzako kifurushi ni utu, na kumkatalia ni roho mbaya. Wauzaji wanaijua tabia yetu hiyo na wanaitumia. Basi ni vizuri kuandaa jibu tangu nyumbani, lisilotukana wala kubishana: "Samahani ndugu yangu, mimi na mume wangu tumekubaliana kwamba sanduku langu halibebi mzigo wa mtu mwingine." Akiwa shangazi, mwambie shangazi. Akiwa mwanakwaya mwenzako, mwambie hivyo hivyo. Mwenye nia njema atasikitika kidogo na kusahau. Pakia mwenyewe, funga kwa kufuli, usimwachie mtu sanduku lako. Na tiketi ikilipwa na mtu usiyejua anapata faida gani kwa safari yako, hiyo si kazi. Mweleze mumeo, na mtoe taarifa kwa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya.

BARABARANI

Uhalifu unaowapata wageni wengi São Paulo ni wizi wa simu. Kijana juu ya baiskeli au pikipiki hupita karibu na njia ya miguu, anapokonya, anatoweka. Ukihitaji kutazama ramani au kupiga simu, ingia dukani kwanza. Ndani ya gari funga kioo na usishike simu dirishani penye taa za barabarani. Dhahabu za harusi zibaki nyumbani. Pete ya kawaida inatosha kuonyesha kwamba una mwenyewe.

Ukifika uwanjani, chukua teksi ya kaunta iliyo ndani ya jengo, au gari lililoagizwa kwa simu, na hakiki namba ya gari kabla ya kupanda. Treni za chini ya ardhi zilianza mwaka 1974 na njia zake hutambulika kwa rangi. Mchana ni nzuri na za haraka, ila asubuhi na jioni msongamano ni mkubwa, kwa hiyo mkoba uwe mbele ya kifua. Mitaa ya katikati ya jiji, kama Sé na Luz, itembelee mchana ukiwa na wenzako, wala usitembee huko kwa miguu baada ya giza.

Pasipoti iache hotelini penye kufuli, utembee na nakala. Pesa zigawe sehemu mbili. Mwizi akikutokea, mpe anachotaka na usimwangalie sana usoni. Simu hununuliwa nyingine. Kisha nenda kituo cha polisi upate karatasi ya taarifa, maana bima na ubalozi wataihitaji. Namba ya polisi ni 190, na gari la wagonjwa ni 192. Katika hospitali za umma, chini ya mfumo wao uitwao SUS, hata mgeni mwenye dharura hutibiwa bila malipo. Ubalozi wa Tanzania uko Brasília, mji mkuu, ambao ni mbali sana na São Paulo; namba zake ziandike kwenye karatasi, zisiwe ndani ya simu tu.

Kinywaji chako usikiache mezani ukaenda msalani, hata kama ni maji ya matunda. Wahalifu wa huko wana mchezo wa kutia dawa ya usingizi katika glasi, na Wabrazili wenyewe huuita "Usiku mwema Cinderela". Na mwaka 2025 watu walikufa huko São Paulo baada ya kunywa pombe kali iliyochanganywa na methanoli, sumu inayopofusha macho.

KAMA MSAFIRI NI BABA

Haya yote mweleze na mumeo akisafiri yeye. Lakini kwa wanaume kuna mtego wa ziada. Katika miaka ya karibuni polisi wa São Paulo wamepokea kesi nyingi za wanaume waliotekwa baada ya kuzungumza na "mwanamke" katika programu za simu za kutafutia wapenzi. Anapangiwa mahali pa kukutana, anafika, anakuta wanaume wenye silaha. Wanamshika kwa saa kadhaa huku wakimaliza akiba yake kwa simu. Yapo mengi ya kusema juu ya uaminifu wa ndoa, lakini hapa tunasema kama wauguzi: tabia hii inaweza kuua. Mwambie bila ugomvi na bila kumtuhumu, kama unavyomkumbusha dawa zake. Mume mwenye akili atashukuru kujua.

NYUMBA UNAYOIACHA

Safari ya mama huanza kuharibika anapofikiria watoto usiku kucha. Acha nakala ya pasipoti, tiketi na jina la hoteli kwa mumeo na kwa ndugu mmoja. Kadi za kliniki za watoto ziwe mahali panapojulikana. Kisha pangeni saa moja ya kuongea kila siku.

Brazili iko nyuma yetu kwa saa sita, na tangu mwaka 2019 iliacha kusogeza saa zake wakati wa kiangazi, kwa hiyo tofauti haibadiliki. Hapo Mswahili ana bahati. Kwetu ikiwa saa mbili usiku, watoto wamekula wanataka kulala, kule ni saa nane mchana, na mshale wa saa ya ukutani unaonyesha namba 2. Kwetu ikiwa saa tatu, saa ya kule inaonyesha 3. Namba unayoiona katika saa ya São Paulo ndiyo saa ya nyumbani kwa hesabu yetu ya Kiswahili. Huhitaji kupiga hesabu. Tazama ukutani, utajua kama wamelala.

UFURAHI PIA

Kazi ikiisha, usijifungie hotelini. Kila Jumapili barabara kuu ya Avenida Paulista hufungwa magari yasipite, na familia hutembea, watoto huendesha baiskeli, wapiga ngoma hupiga. Hapo lipo jumba la sanaa la MASP, lililofunguliwa mwaka 1968, limeinuliwa juu ya nguzo kubwa nne. Aliyelichora ni mwanamke, Lina Bo Bardi. Bustani ya Ibirapuera ilifunguliwa mwaka 1954 jiji lilipotimiza miaka 400, na ndani yake liko jumba la makumbusho la Museu Afro Brasil, linaloeleza maisha ya Waafrika waliopelekwa Brazili utumwani na kazi za vizazi vyao.

Ukipata mwenyeji wa kukupeleka mchana, nenda uwanja wa Largo do Paissandu. Kanisa la Rozari lililopo pale ni la chama cha waumini weusi, na kando yake imesimama sanamu ya mwaka 1955 iitwayo Mãe Preta, yaani Mama Mweusi. Ni mwanamke anayemnyonyesha mtoto. Inawakumbuka watumwa walionyonyesha watoto wa mabwana huku wa kwao wakikosa maziwa, hadi utumwa ulipofutwa mwaka 1888. Mama yeyote aliyewahi kunyonyesha ataisoma sanamu hiyo bila mkalimani.

Chakula hakitakushinda. Wali na maharage ni cha kila siku, unga wa muhogo uliokaangwa huitwa farofa, sukuma wiki wanaiita couve na hukatwa nyembamba kama yetu. Tafuta mikahawa iliyoandikwa "por quilo". Unajipakulia mwenyewe, sahani inapimwa kwenye mizani, unalipa kwa uzito. Ni nafuu, na huna haja ya kujua majina ya vyakula. Katika soko kuu la Mercado Municipal, la mwaka 1933, wauza matunda hukuonjesha kwa tabasamu, kisha bei ikashtua. Uliza bei ya kilo nzima kabla ya kuonja.

Kwa mwenye duka, mtaa wa Brás ni wa nguo za jumla, na biashara huanza kabla ya jua kuchomoza. Nenda na mwenzako, usionyeshe bunda la pesa, udai risiti. Lugha nayo si ngeni kabisa. Mesa ni meza, bandeira ni bendera, lenço ni leso. Maneno hayo tuliyachukua kwa Wareno karne nyingi zilizopita. Jifunze kushukuru: mwanamke husema "obrigada", mwanamume "obrigado". Neno hilo hufungua milango mingi.

UKISHARUDI

Kwa wiki mbili baada ya kurudi, homa yoyote usiimalizie dukani kwa dawa ya malaria. Nenda upimwe, na umwambie mhudumu kwamba umetoka Brazili. Kama ni dengi, dawa za maumivu kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki zinaweza kuongeza kutoka damu. Tumia parasetamoli kwa kipimo sahihi na maji mengi hadi daktari akuone. Ukiona damu kwenye fizi au puani, tumbo likauma sana au ukatapika mfululizo, hata kama homa imeshuka, usisubiri kuche.

Basi, mama, barua ya safari ikija, usiikatae kwa sababu ya maneno ya sebuleni. Kaa na mumeo, someni haya pamoja, nenda kliniki mapema, na fundisha ulimi wako kukataa vifurushi. Wenzako wengi huenda, hufanya kazi iliyowapeleka, hurudi na masanduku yao wenyewe, na watoto huwapokea mlangoni.